Akina Biira wa Kisiwani

"Mama Nobert, mama yako balimuzika wapi?"

Saudah alimuuliza Loyi hivyo walipokuwa wakiteremka kutoka mazikoni Mahango, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Saudah ni muuza vitenge wa soko la Mpondwe, Mwislamu, na nyumba yake na ya Loyi pale Bwera zinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Walikuwa wameshazikiana watu mara nyingi. Saudah alipofiwa na mume, Loyi ndiye aliyempikia wageni. Loyi naye alipofiwa na wake, Saudah alifunga duka na kukaa naye mkekani mpaka watu wakatawanyika. Kwa hiyo hakuuliza kwa ubaya. Ni kwamba kila wakipanda Mahango nyumbani kwa kina Loyi, Loyi humwonyesha makaburi ya ukoo: hapa babu, hapa bibi, hapa baba yangu Kosiya. Mama hatajwi.

"Hakuzikwa kwetu," Loyi akajibu.

"Aliachika? Alirudi kwao?"

"Hapana."

"Sasa mutu muzima anapoteaka namna gani? Iko mbuzi?"

Loyi alicheka kidogo, akasema mvua inarudi, afadhali wakaze mwendo. Lakini swali lile lilimwingia. Usiku ule alisali sala zake kama kawaida, akawataja wafu wake mmoja mmoja mbele za Mungu, na alipofika kwa mama ulimi ukawa mzito. Kesho yake alimwita Saudah, akamkalisha kwenye gunia la maharage anayoyauza, akamwambia jambo ambalo hata mwanawe Nobert hakuwahi kuambiwa.

Mama yake alikuwa na ukoma.

Loyi alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi, uhuru bado. Alichobaki nacho cha mama yake ni kitu kimoja tu: mkono ulioshika ukingo wa chungu jikoni, kidole kimekunjika, nyama ya kidole inaungua na kutoa harufu, na mama mwenyewe anaendelea kuzungumza na mtu mlangoni kwa sababu hasikii maumivu. Baada ya hapo wanawake waliacha kuchota maji pamoja naye. Kisha wakaja watu wa afya na gari, wakaliacha chini Bugoye kwa kuwa barabara ilikuwa haijapanda, wakakwea kwa miguu mpaka Mahango. Waliuliza jina la mgonjwa. Babu akawaambia, "Biira." Wakaandika Biira wa Kasese, wakamchukua. Walisema huko kusini, katika ziwa la Wakiga, kuna kisiwa chenye hospitali ya ugonjwa huo, na atatunzwa vizuri.

Na kweli, tangu siku ile hakurudi. Miaka kadhaa baadaye mchungaji alileta habari kwamba Biira wa Kasese amekufa na ameshazikwa. Hakuna aliyelia. Kulia kungewafanya majirani waulize amekufa kwa nini, na nyumba yenye ukoma ilikuwa haiozwi binti wala haitoi mwali. Kosiya alikwenda shambani siku hiyo kama siku nyingine. Ila hakuoa tena. Alipokaribia kufa aliwaonyesha wanawe mahali pa kumzika, na upande wake wa kulia akaacha nafasi ya mtu mmoja. "Hapo msipande kitu," alisema. "Hata mgomba."

Hawakupanda. Mpaka leo pameota nyasi tu.

"Sasa mbona hamukuenda kuchukua udongo yake?" Saudah aliuliza. Alijua desturi za Wakonzo wa pale, kwamba mtu aliyefia mbali na mwili wake haupatikani, huletwa udongo wa kaburi lake, ukazikwa nyumbani, watu wakalia, msiba ukaisha.

"Tuliona haya," Loyi alisema. "Kisha waliokuwa wanaona haya wakafa, tukabaki na haya yao."

Ilikuwa kweli, ila hayakuwa yote yaliyomsumbua. Kulikuwa na Baluku, mdogo wake, aliyebaki mtoto wa kunyonya siku ile gari lilipokuja. Baluku sasa alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, sukari imempofusha jicho moja, miguu imevimba. Ardhi yao Mahango ilikuwa imeporomoka upande mmoja kwa mvua kubwa, na palipobaki pa kuzika palikuwa mawe matupu.

"Dada," Baluku alimwambia alipokwenda kumtazama, "mimi naenda. Sidanganyi mtu. Na kama nafasi ya mama iko wazi siku hiyo, mimi ndiye nitaingia. Sitalala kwenye mawe kama mjusi wakati kuna shimo laini karibu na baba."

"Ile ni nafasi ya mkewe."

"Basi umlete mkewe."

Hapo ndipo shauri lilipofika. Loyi alitaka mama yake alale kando ya Kosiya kabla Baluku hajafa. Hakutaka kitu kingine.

Mungu naye ana njia zake. Mwaka uliofuata, Rusi, kiongozi wa kina mama kanisani kwao, mwanamke mnene mcheshi ambaye hata akitangaza kufagia kanisa watu hucheka, alisimama akasema: "Mwaka huu hakuna semina. Semina zimetuzeesha. Tunakwenda kutembea. Mungu mwenyewe siku ya saba alipumzika, ninyi ni nani msichoke?" Akasema watakwenda ziwa la Bunyonyi, walale huko siku mbili, wapande mitumbwi, waone visiwa. Loyi alimfuata nje, akamwuliza kama kisiwa kile cha hospitali ya zamani kiko njiani.

"Kiko. Wanasema ndicho kizuri kuliko vyote cha kutembea kwa miguu. Una nini huko?"

Loyi akamwambia. Rusi, mtu wa kelele zote zile, akamshika mkono, akasema polepole, "Tutaanza na hicho."

Saudah alimkatia kipande cha kitambaa cheupe. "Kwetu mutu hafukiwi bila nguo nyeupe," alisema. "Udongo nayo iko mutu. Umufunge vizuri."

Walifika ziwani jioni, wakalala, na asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya maji hata usione mwisho wa gati. Mtumbwi uliingia ndani yake kama mtu anayeingia chini ya blanketi. Kina mama waliimba kwa sababu ya hofu, maana watu wa milimani wengi wao hawajui kuogelea. Kisha jua likatoboa, na visiwa vikaanza kutokea, kimoja hapa, kimoja pale, vya kijani, mashamba yamekatwa ngazi ngazi mpaka juu, maji yametulia kabisa.

"Jamani!" Rusi akasema. "Na sisi tunakaa Bwera tunakula vumbi ya malori!"

Kisiwani walipokewa na mzee mmoja mwembamba, koti kubwa kuliko mwili, anayetembeza wageni. Aliitwa Eridadi. Kiswahili alikijua kwa sababu ujanani alifanya kazi Kilembe enzi za mgodi wa shaba, na aliposikia wageni wametoka Kasese alifurahi kama amekutana na ndugu.

"Kilembe iko namna gani?"

"Imelala, mzee. Mto umebeba nusu."

"Mimi nilijua itabebwa. Mto ile ilikuwa na hasira tangu zamani. Haya, nyabo," aliwaita kina mama hivyo kwa heshima, "twende. Njia inazunguka kisiwa yote. Mwenye viatu ya kanisa avue."

Wakatembea. Njia ilipita chini ya mikaratusi, ikashuka kwenye mafunjo ambapo ndege wenye taji walikuwa wanaparura tope, ikapanda tena mpaka mahali ambapo ukisimama unaona ziwa pande zote na milima ya Rwanda mbali, ya bluu. Kina mama walipiga picha kwa simu. Wengine walipangusa jasho wakakaa. Rusi alionyeshwa kamba wa ziwani kwenye kikapu cha mvuvi, akamgeuza huku na huku: "Mududu huyu, mutu anaanza kumula upande gani? Naona pande zote ziko na silaha!" Hata Loyi alicheka. Lakini alikuwa haachi visigino vya Eridadi, na kila jengo la mawe lililopitwa, sasa limekuwa darasa au stoo, alikuwa anauliza: hapa walilala? hapa walipikia? hapa walisali?

Mwishowe mzee akasimama.

"Nyabo, wewe si mutalii."

"Hapana, mzee. Mama yangu aliletwa hapa."

Eridadi akavua kofia. "Na mimi yangu," alisema. "Nilikuwa mutoto naishi ng'ambo ile, kwa shangazi. Tuliletwa Jumapili kumuona kwa mbali. Baadaye wakaniacha nibebe maji na mawe." Akaelekeza kidole kwenye mteremko uliojaa magugu. "Makaburi iko pale. Watu ya Kasese waliwekwa pamoja upande wa juu. Waliomba wenyewe. Walisema kutoka pale, hewa ikiwa safi, unaweza kujidanganya unaona mlima wenu."

Walipanda wawili tu, na Rusi nyuma yao akihema. Misalaba ilikuwa ya saruji, midogo, imeinama, kijani kwa ukungu wa kuvu. Jina la mtu lilikuwa limechorwa kwa kijiti saruji ikiwa mbichi. Loyi hakuwa na kitu cha kusugulia, akatoa kile kitambaa cheupe cha Saudah, akakilowesha kwa umande wa majani, akaanza kupangusa. Wa kwanza alikuwa mwanamume. Wa pili pia. Wa tatu herufi zilitoka taratibu chini ya kitambaa, B, kisha I, kisha I tena, na Loyi akapiga magoti kabla hajamaliza kusoma.

BIIRA KASESE.

Hakulia kwa sauti. Aliweka paji la uso kwenye msalaba, akakaa hivyo, akasema maneno ya kwao ambayo mtoto humwambia mama anaporudi kutoka safari. Rusi alisimama pembeni, leso mdomoni. Ndege walikuwa wanapiga kelele chini majini.

Kisha Rusi, kwa kutaka kusaidia, akaanza kung'oa magugu kwenye kaburi la jirani. Akapangusa kwa kiganja. Akaacha. Akapangusa tena.

"Mama Nobert," akasema polepole. "Hata huyu ni Biira."

Mgeni hawezi kuelewa, lakini Mkonzo anaelewa mara moja. Kwetu mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa kwake. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho, na kuendelea hivyo, kila nyumba, kila kilima. Loyi mwenyewe ni Masika. Mahango peke yake ukiita Biira wanageuka wanawake wasio na idadi, ndiyo maana mtu huongeza nyumba: Biira wa kwa Kosiya, Biira wa kule kisimani. Babu yake Loyi alipoulizwa jina na watu wa afya alisema Biira kwa sababu kwake lilimtosha. Kila aliyemsikia pale kilimani alijua ni nani. Hakufikiri kwamba jina linasafiri bila kilima chake. Na mababu wengine, Bugoye na Mubuku na kwingineko, nao walijibu vivyo hivyo.

Walisafisha safu yote. Walikuwa akina Biira wanne, wote wa Kasese, na hakuna alama nyingine iliyobaki.

Loyi aligeuka kwa Eridadi, uso umekauka. "Mzee, mama yangu kidole chake kilikuwa kimekunjika. Hiki hapa."

"Nyabo," Eridadi alisema kwa huruma, "wote walikuwa na vidole hiyo."

"Basi wewe uliwajua. Niambie."

Mzee alikwenda kaburi kwa kaburi, kofia kifuani. Mawe ya makaburi hayo alikuwa ameyabeba mwenyewe. Huyu wa kwanza, alisema, alikuwa anaimba. Alikuwa anafua nguo pale kwenye maji anaimba nyimbo za Kikonzo, na mitumbwi ilisimama kumsikiliza. Huyu wa pili alikuwa anasuka nyungo, hata vidole vilipokwisha alishika ukindu kwa meno. Wa tatu alikuja akichechemea, mguu mmoja mfupi tangu kuzaliwa, si kwa ugonjwa. Na huyu wa mwisho hakukaa. Alifika, akakataa kula, akafa kabla watu hawajamzoea.

"Wako ni yupi?"

Loyi aliyatazama makaburi yote manne. Je, mama alikuwa anachechemea? Alimtafuta kichwani mama akitembea, hakumpata. Alimpata amekaa jikoni, mkono kwenye chungu. Alimtafuta akiimba, hakumpata. Baba amekufa, babu na bibi wamekufa, shangazi wote wamekwisha. Hapakuwa na mtu mmoja duniani aliyebaki wa kumwuliza kama mama yake alikuwa na mguu mfupi.

"Chukua wa kwanza," Rusi alinong'ona. "Wewe si ndiye sauti ya kwaya yetu? Hiyo sauti uliipata wapi? Ni yeye. Mungu anakuonyesha."

Moyo wa Loyi ulitaka hivyo. Ulitaka sana. Alikwenda kwenye kaburi la mwimbaji, akachimba kwa vidole, akajaza kiganja udongo mweusi wenye mizizi. Akaushika. Kisha akapiga simu kwa Baluku, mkono ule mwingine bado umefumba.

"Dada! Umempata?"

"Nimewapata wanne."

Akamweleza. Kwenye simu alisikia mdogo wake anapumua kwa shida.

"Lete yeyote," Baluku akasema. "Biira ni Biira. Baba atajua mwenyewe."

"Na kama si yeye? Nimlaze mke wa mtu kando ya baba?"

"Wamekufa, dada! Wafu wanaoana?"

"Huyu naye ana mume. Labda mume wake ameacha nafasi kama baba. Labda kuna mtu kama mimi, hajafika bado. Akija, akute mama yake nimembeba?"

"Basi changanya wote wanne."

"Baluku!"

"Sasa unataka nini? Nife nikusubiri?" Akakohoa. "Nimechoka, dada. Fanya unavyojua."

Simu ikakatika. Loyi alikaa chini. Baada ya muda Loyi alifumbua kiganja, akaurudisha udongo mahali ulipotoka, akausawazisha kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, akasema, "Samahani, mama. Nilikuwa nakuchukua kama mwizi."

Kina mama wengine walipopanda kuwatafuta kwa chakula, wakakuta hali ile, hawakuuliza mengi. Walifunga vitenge kiunoni, wakasafisha makaburi yote ya juu, ya Kasese na yasiyo ya Kasese, mpaka nahodha wa mtumbwi akapiga filimbi. Chakula walikila majini, kimepoa, hakuna aliyemtania mwenzake. Kile kitambaa cheupe kilikuwa kimekuwa matambara ya kijani. Eridadi alibaki gatini na kofia yake. "Nyabo," aliita, "mimi bado nakumbuka. Lakini fanya haraka. Mimi pia si kijana."

Siku ya pili wengine walikwenda kisiwa kingine. Loyi alikaa chumbani na Biblia yake, haisomi, ameishika tu.

Aliporudi alipanda Mahango moja kwa moja. Baluku alikuwa amelala uso ukutani. Hawakugombana. Loyi alimwosha miguu, akampikia bundu laini, ugali wa muhogo. Alikaa naye wiki zile zote mpaka kuvimba kulipopanda tumboni. Karibu na mwisho Baluku alisema, bila kugeuka, "Waambie wanizike kwenye mawe. Ile uiache." Akafa kabla ya Krismasi. Wachimbaji wawili walivunja majembe, wakamaliza kwa nyundo, na kaburi lilitoka fupi, ikabidi jeneza lilale mshazari. Loyi aliona yote.

Watu walikuja wengi: kutoka Bugoye, kutoka mashamba ya Mubuku, Saudah na wenzake wa sokoni kutoka Bwera. Mchungaji aliuliza kama dada wa marehemu ana neno. Walidhani atashukuru, kama inavyofanywa. Loyi alisimama kwenye ukingo wa mawe, sauti yake imekauka kwa kulia, na watu waliokuwa wanajitayarisha kuondoka wakasimama.

"Nina ombi moja," alisema. "Kama kwenu kulikuwa na Biira aliyechukuliwa zamani akapelekwa kisiwani kwa ugonjwa wa ukoma, naomba mniambie. Najua mlificha. Sisi pia tulificha. Sitalitaja jina la nyumba yenu kwa mtu. Niambieni tu kama alikuwa anaimba, au anasuka nyungo, au kama mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Wako wanne kule, na mimi natafuta mmoja; wenu wakijulikana, atakayebaki ndiye wangu. Ninakaa Bwera, nyuma ya soko. Ukiuliza Mama Nobert wa maharage, watakuonyesha. Naomba mje."